Soma Taarifa Ifuatayo Kisha Ujibu Maswali

Binamu yangu ameitwa kufanya mtihani wa kuchuja watu walioomba kazi ya ukarani katika ofisi moja ya umma. Amebakisha siku tisa. Kila jioni akishafunga kibanda chake cha M-Pesa anapitia kwangu na karatasi alizochapisha pale saiba, tunaweka chai mezani na tunaanza kupigana na Kiingereza. Hesabu haimsumbui. Maswali ya mambo ya nchi anayajua kuliko mimi. Kinachomnyima usingizi ni sarufi na ufahamu.

Juzi tulikuwa na taarifa ya aya nne kuhusu wakulima wa majani chai. Swali la tano lilimtaka aseme ni nini kinachodokezwa katika aya ya pili. Akaisoma hiyo aya mara tatu, akaweka kalamu chini.

"Sasa cuzo, kama mwandishi hakusema, mimi nitajuaje alitaka kusema nini?"

Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka. Huyu jamaa anadokezewa mambo kutwa nzima. Mama akifika dirishani na haraka zake, simu sikioni, akitaka kutuma elfu kumi kwa namba asiyoijua, binamu yangu anajua kabla ya kuambiwa chochote kwamba huyo mama anatapeliwa. Anamwambia akate simu kwanza. Huo ni ufahamu. Lakini ukiuweka kwenye karatasi, kwa Kiingereza, anapata nne kwa kumi.

Kabla ya kuondoka akaniuliza, "Kwani ni nani aliamua karani lazima apitie hapa?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na hilo swali siku kadhaa nikisoma, na nilichokuta ni historia yenye pande mbili ambazo zote ni za kweli. Mtihani huu ulianzishwa ili watoto wa wakubwa waache kugawana kazi za serikali kama keki. Na tangu siku ya kwanza, ukawafungia mlango watu wengine kabisa.

Zamani ilikuwa kujuana

Turudi Uingereza kabla ya mtihani. Ulikuwa unahitaji mtu. Mwaka 1834 kijana wa miaka 19 aitwaye Anthony Trollope, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa riwaya, alipata kazi ya ukarani katika Posta ya London kwa sababu mama yake alijuana na familia ya mkubwa wa hapo. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia usaili wenyewe ulivyokuwa. Alipewa kalamu ya unyoya, akaambiwa anakili mistari ya gazeti la Times. Akadondosha wino, akakosea tahajia. Akaambiwa aende nyumbani, arudi kesho yake na mwandiko mzuri zaidi. Alirudi na kazi safi kabisa na hakuna aliyeomba kuiona. Alionyeshwa meza yake, basi, ameajiriwa.

Hiyo ilikuwa Posta ya nyumbani. Kwa upande wa Bara Hindi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kampuni ya East India ilikuwa imetawala sehemu kubwa ya nchi ile, na wakurugenzi wake ndio walioteua vijana wa kwenda kuwa mahakimu na watoza kodi. Unaweza kukisia waliteua nani: watoto wao, wapwa zao, watoto wa rafiki zao.

Sheria ya mwaka 1853 iliwanyang'anya wakurugenzi nguvu hiyo. Mwaka huohuo Stafford Northcote na Charles Trevelyan waliandika ripoti kuhusu ofisi za serikali za Uingereza kwenyewe, ikachapishwa 1854. Walisema kazi zitolewe kwa mtihani wa ushindani, anayefanya vizuri ndiye achukuliwe. Trevelyan alikuwa amefanya kazi India, na alikuwa shemeji ya Thomas Macaulay, aliyepewa kamati ya kupanga mtihani wa India. Mtihani wa kwanza ulifanyika London mwaka 1855, mwaka ambao pia Tume ya Utumishi wa Serikali ya Uingereza iliundwa.

Waliopinga walisema haya ni mambo ya Wachina. Kwa hilo hawakudanganya. China ilikuwa imewachuja maofisa wake kwa mitihani ya maandishi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na iliendelea hivyo hadi ilipoifuta mitihani hiyo mwaka 1905.

Mimi nilipofika hapa niliwaunga mkono akina Trevelyan, sitaficha. Mtu aliyekulia Kenya anajua vizuri kuulizwa "unajua nani hapo ndani?" Karatasi haikuulizi hilo. Karatasi haijui baba yako ni nani.

Kwa nini ufupisho

Kuna sababu ya kweli iliyofanya mitihani hiyo ipime lugha. Himaya ya Uingereza iliendeshwa kwa barua. Ripoti ndefu inatoka Calcutta, inafika London baada ya wiki nyingi, na kabla mkubwa hajaiona lazima awepo kijana aliyeisoma yote na kuandika kiini chake kwa mistari michache. Akikosea, mkubwa anaamua jambo kwa habari mbaya. Ndiyo maana mwanzoni kabisa makarani walipimwa mwandiko, tahajia, hesabu na ufupisho. Lile zoezi la shuleni la kufupisha aya mbili kwa maneno sitini bila kupoteza maana limetoka kwenye meza za watu kama hao. Lilikuwa kazi halisi ya ofisini kabla halijawa swali la mtihani.

Lakini angalia alama. Kamati ya Macaulay ilipogawa alama za mtihani wa kwenda India, Kigiriki cha kale kilipewa 750 na Kilatini 750. Sanskrit ilipewa 375, na Kiarabu 375. Kijana aliyekuwa akienda kuamua kesi za wakulima wa Bengal alipata faida maradufu kwa kujua lugha ambazo hakuna mkulima yeyote wa Bengal aliyezizungumza. Ni lugha zilizofundishwa katika shule za wenye pesa za Uingereza. Kwa hiyo ule mlango uliofungwa kwa wapwa wa wakurugenzi ulifunguka kidogo tu, wakaingia watoto wa madaktari na wachungaji waliosoma shule nzuri.

Wahindi wenyewe? Kwa sheria waliruhusiwa. Shida ni kwamba mtihani ulikuwa London. Ulipe meli, ulipe nyumba, ulipe mwalimu, halafu ushindane na mtu kwa lugha ya mama yake. Satyendranath Tagore, kaka yake mshairi Rabindranath Tagore, ndiye Mhindi wa kwanza kuupita, mwaka 1863. Wengine wachache walifuata. Kisha umri wa juu ukapunguzwa, na kuanzia 1878 ukawa miaka 19, jambo lililomaanisha kwamba kijana wa Calcutta alipaswa kuwa ameshakimeza Kilatini na Kigiriki akiwa bado mtoto. Surendranath Banerjee, aliyekuwa ameupita mtihani huo na baadaye akafukuzwa kazi, alizunguka India akihutubia watu kupinga kanuni hiyo. Watu wengi wa historia wanaihesabu safari ile kati ya mwanzo wa siasa za kitaifa za India. Fikiria, harakati nzima ilipata moto kwa sababu ya masharti ya mtihani wa ukarani.

Ilichukua hadi 1922 kwa mtihani huo kufanyiwa pia India. Miaka 67 baada ya ule wa kwanza.

Bwana DC naye alifanya mtihani

Utaratibu huo wa ofisi ulikuja kwetu na reli. Serikali ya kikoloni na reli yake walileta makarani kutoka India na Goa, watu waliokuwa tayari wanajua mafaili na Kiingereza cha mafaili. Mwafrika aliyetaka kuingia ofisini ilibidi apitie shule ya misheni, kisha mtihani, na Kiingereza ndicho kilichoamua atapanda ngazi au atabaki chini. Na hata akipanda, ngazi yake ilikuwa fupi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza Mwafrika alipwe kama tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu katika kazi inayolingana. Tume ya Lidbury ndiyo iliyopendekeza mwaka 1954 kwamba mishahara iache kufuata rangi ya mtu. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichofanya mtihani uleule wa sarufi na kulipwa sehemu ya alama zake.

Lakini kuna kitu kingine nilichokikuta ambacho sikufundishwa shuleni. Upande wa pili wa meza pia kulikuwa na mtihani. Ofisa wa utawala wa Kizungu aliyeletwa Kenya hakuthibitishwa kazini hadi apite mtihani wa Kiswahili. DC alikaa chini kama binamu yangu, akadurusu ngeli, akatafsiri taarifa, akaogopa kufeli.

Vitabu vya kumsaidia vilikuwepo. Askofu Edward Steere wa Zanzibar alikuwa ametoa vitabu vya sarufi na mazoezi tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kusanifisha Kiswahili, na Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi. Mwaka 1944 kikatoka kitabu cha sarufi cha E. O. Ashton, ambacho wanafunzi wa kigeni wanakitumia hadi leo. Kulikuwa hata na kitabu cha Kiswahili cha bara cha F. H. Le Breton, kilichowalenga walowezi, askari na wengine waliotaka kuamrisha watu bila mkalimani.

Usidhani ni mapenzi. DC alihitaji Kiswahili ili asikilize kesi, aendeshe baraza, akusanye kodi, na ajue wazee wanasema nini akiwa amesimama hapo hapo. Mtawala alijifunza lugha ya watu ili awatawale. Hata hivyo, hesabu yake ilikuwa na mantiki: anayefanya kazi na wananchi lazima awaelewe wananchi. Mkoloni aliona hilo ni la lazima kiasi cha kuliwekea mtihani.

Sisi tulipochukua ofisi, tulibaki na mtihani upi? Katiba ya uhuru ilimtaka anayegombea ubunge aweze kuzungumza na kusoma Kiingereza cha kutosha kushiriki mijadala ya Bunge. Haikumtaka ajue Kiswahili. Mwaka 1974 Kenyatta alitangaza Kiswahili kiwe lugha ya Bunge, na miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Hata tangazo la kuajiri makonstebo wa polisi limekuwa likitaka alama ya D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Hiyo "au" ni nzuri sana. Lakini ukishavuka tangazo, fomu ni ya Kiingereza, usaili ni wa Kiingereza, na barua utakayomwandikia mwananchi ni ya Kiingereza.

Delhi, 2014

Ukitaka kuona tunapoweza kufika, rudi India. Kuanzia 1979 wahitimu wa India waliweza kuandika mitihani mikuu ya utumishi wa umma kwa lugha zao, na vijana wa vijijini wakaanza kuingia. Mwaka 2011 hatua ya kwanza ya mtihani ilibadilishwa, ikaongezwa karatasi ya vipimo vya akili na ufahamu. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya Kiingereza ambavyo havikutafsiriwa, vyenye alama kama 20 hivi kati ya 400.

Ishirini kati ya mia nne ni kidogo, utasema. Kwa mtihani ambao laki kadhaa za watu wanagombania nafasi chache, ishirini ni kila kitu. Na hata vifungu vilivyotafsiriwa kwa Kihindi vilikuwa na vituko. Waandamanaji walitoa mfano wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kiwanda cha chuma, ambayo mtafsiri aliyageuza kuwa mche wa chuma, kama vile kuna mmea unaoota huko shambani. Sasa mtu anaulizwa maswali ya ufahamu kuhusu mche wa chuma.

Katikati ya 2014 vijana waliosoma kwa Kihindi waliingia barabarani Delhi. Agosti mwaka huo serikali ilitangaza kwamba alama za ufahamu wa Kiingereza hazitahesabiwa katika kupanga washindi. Mwaka uliofuata karatasi yote ile ikawa ya kupita tu: ukifika asilimia 33 inatosha, hakuna anayekushinda kwa sababu ya Kiingereza chake. Mtihani haukufutwa. Walichobadilisha ni uzito wake, na kwa kijana wa kijijini hiyo tofauti ni maisha.

Mezani tena

Sasa binamu yangu hana muda wa kungoja Kenya iandamane. Ana siku chache na karatasi. Kwa hiyo tumetafuta mbinu, na mbinu iliyotusaidia zaidi ilitoka mahali ambapo hatukutarajia: Kiswahili.

Mtego wa kwanza wa sarufi ya Kiingereza ni upatanisho. Wanakupa "the list of names", halafu wanakuuliza ni "is" au "are". Jina la karibu ni "names", la wingi, na mtu anaingia shimoni. Nilimwambia aiseme kwa Kiswahili. "Orodha ya majina imepotea." Hawezi kusema "yamepotea", sikio lake linakataa, kwa sababu kilichopotea ni orodha. Basi ni "is". Mtu aliyekua na ngeli kichwani ameshafanya zoezi hili mara milioni bila kujua ni zoezi.

Mtego wa pili ni lile swali la "neno 'it' katika mstari wa sita linarejelea nini?" Kiingereza kina kineno kimoja kwa kitabu, meza, nyumba na wazo. Kiswahili hakikuachi gizani hivyo. Ukisema "aliweka kitabu mezani akakifuta", tunajua kilichofutwa ni kitabu. Ukisema "akaifuta", ni meza. Kwa hiyo ukifika kwenye "it", jiulize ungeweka ki, i, li au u. Ukijibu hilo umejibu swali.

Na kuhusu kudokeza, nilimwambia afikirie yule mama wa elfu kumi. Ulijuaje anatapeliwa? Akaanza kuhesabu: hakukata simu, hakuijua namba, alikuwa anaulizwa maswali na mtu wa upande wa pili. "Umeona?" nikamwambia. "Hakukuambia, lakini kila ulichojua kilikuwa mbele yako. Aya ya pili ni hivyo hivyo. Usiongeze kitu ambacho hakipo, na usikubali jibu usiloweza kuliwekea kidole kwenye mstari." Jana alipata saba kwa kumi.

Alipomaliza akaniambia habari ya mchana wake. Ajuza mmoja alifika kibandani na barua kutoka ofisi fulani, kuhusu shamba. Kiingereza, kurasa mbili. Alikuwa ameibeba wiki nzima kwenye kitambaa, hajui kama ni habari njema au mbaya. Binamu yangu aliisoma yote, akamweleza kwa Kiswahili, kisha pale alipoona macho yake hayajatulia akarudia kwa lugha ya kwao. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: alete kitambulisho na cheti cha kifo cha mume wake kabla ya mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Huo ni ufahamu, na huo ni ufupisho, kurasa mbili hadi sentensi moja bila kupoteza maana. Ilikuwa ni kazi ya mtu fulani aliyeajiriwa, aliyepita mtihani, aliyeandika ile barua akijua inaenda kwa nani. Imefanywa bure na mtu ambaye bado hajulikani kama atapita.

Ningekuwa natunga mtihani wa makarani ningeuacha ufahamu wa Kiingereza, kwa sababu mafaili yapo na mtu lazima ayasome, na kwa sababu sitaki kurudi kwa "unajua nani". Ningeuweka wa kupita tu, kama India ilivyofanya. Halafu ningeongeza karatasi ya pili, ile ya DC. Barua ya kurasa mbili, na mwananchi wa kweli amekaa mbele yako. Mweleze. Kisha tumuulize yeye kama ameelewa, na alama atoe yeye.

Hadi hapo, mtihani ni Alhamisi ijayo. Leo tunafanya nomino na viambishi, na amesema ataleta mandazi.